Kambi Iliyoambiwa Ijilishe

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye sharti geni kwa hifadhi ya taifa. Presidio, kambi ya zamani ya jeshi iliyoko San Francisco pale daraja la Golden Gate linapoanzia upande wa kusini, ilipewa hadi 2013 iwe inalipa gharama zake zote kwa fedha inazozitafuta yenyewe. Ikishindwa, ardhi ingechukuliwa ikauzwa. Ni ekari 1,491, karibu hekta 600, za vilima na ufuko vinavyotazama Pasifiki upande mmoja na ghuba upande wa pili, ndani ya mji ambao bei ya kiwanja ni miongoni mwa zilizo juu kabisa Marekani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kingejengwa nini pale kama mnada ungepigwa.

Mnada haukupigwa. Ilipofika 2013 Presidio ilikuwa inajitegemea, na tangu hapo hutajwa kila jeshi linapofunga virago katika mji fulani na watu wakaanza kuulizana ile ardhi itakuwa ya nani. Naiheshimu kazi iliyofanywa pale. Lakini naamini wengi wanaondoka Presidio na funzo lisilo lake. Wanasema: tazameni, bustani ya umma inaweza kujilipia. Mimi ninachokiona ni kwamba Presidio iliokolewa na kifungu cha sheria kilichoandikwa miaka 22 kabla askari hawajaondoka. Sharti la kujilipia lilikuja baadaye, na liliibakiza ardhi kwa umma kwa bei ambayo sehemu ya umma huohuo bado inailipa.

Historia ya mahali penyewe inasimuliwa upesi. Waohlone, wenyeji wa asili, waliishi kwenye rasi ya San Francisco kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1776 Wahispania wakaweka ngome yao ya kaskazini kabisa hapo, ikapita kwa Mexico ilipopata uhuru, na mwaka 1846 Wamarekani wakaitwaa. Kuanzia hapo hadi 1994 ilikuwa kambi ya Marekani: askari walikaa hapo wakisubiri meli za kwenda vita vya Ufilipino, wagonjwa wa vita vya Pasifiki walitibiwa katika hospitali ya Letterman, na mizinga ilikaa juu ya miamba ikisubiri adui ambaye hakuja kwa njia ya bahari.

Jeshi hupata ardhi nzuri kwa sababu za kazi yake. Ngome huwekwa mahali panapoona mbali: kwenye mlango wa bandari, juu ya kilima, kando ya njia ya kuingilia mji. Uzio ukishasimama, mji hukua mpaka ukafika kwenye uzio ukakwama. Baada ya miaka mia na ushee nje kumejaa nyumba, na ndani kumebaki nyasi, miti na upepo. Huko San Francisco hata msitu ni wa jeshi. Mwaka 1883 Meja William A. Jones aliandika mpango wa kupanda miti kwenye vilima vilivyokuwa mchanga na majani, apunguze upepo na kuifanya kambi ionekane kubwa na tofauti na mji uliokuwa ukiisogelea. Ndiyo mikaratusi, misonobari na misaipresi ambayo mgeni wa leo huidhani ni pori la asili, mpaka atambue kwamba mahali pengi imesimama kwa safu zilizonyooka.

Sasa hiyo sheria. Mwaka 1972, Phillip Burton, mbunge wa San Francisco, alisimamia kuundwa kwa eneo kubwa la hifadhi ya taifa kuzunguka mlango wa ghuba. Kambi ya Presidio ilikuwa bado inafanya kazi na hakuna aliyezungumzia kuifunga. Burton akahakikisha kwamba sheria inasema hivi: siku jeshi litakaposema haliihitaji tena, kambi itakwenda kwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Kwa kawaida ardhi ya jeshi ikishatangazwa kuwa ya ziada hupitia mlolongo wa ofisi na wanunuzi, na mwenye fedha nyingi huwa karibu na mwisho wa mlolongo huo. Kifungu cha Burton kiliukata mlolongo kabla haujaanza. Yeye mwenyewe alifariki 1983. Tume ya kufunga kambi ilipoitaja Presidio mwishoni mwa 1988, jibu lilikuwa limeshaandikwa.

Kilichokuwa hakijaandikwa ni nani atalipa.

Kambi ya jeshi ni mji kamili. Presidio ilikuwa na majengo takriban 800, zaidi ya nusu yakiwa na thamani ya kihistoria: mabweni ya matofali, nyumba za maofisa, hospitali, makanisa, maghala ya ndege, uwanja wa gofu, na makaburi ya taifa walikozikwa watu wapatao 30,000. Chini ya ardhi kulikuwa na mabomba ya maji, mifereji ya maji taka na nyaya za umeme, vyote vya jeshi. Idara ya Hifadhi ilipokabidhiwa funguo tarehe 1 Oktoba 1994 ilirithi mzigo ambao hifadhi yenye milima na wanyama haina. Jengo lisilokaliwa huoza upesi kwenye ukungu wa chumvi. Huko Washington wakainuka wabunge waliosema walipakodi wa majimbo ya mbali hawawezi kulipia bustani ya matajiri wa San Francisco, na wengine wakataka ardhi iuzwe mara moja.

Sheria ya 1996, iliyopiganiwa na Nancy Pelosi aliyekuwa mbunge wa mji huo, ilizaliwa katika hofu hiyo. Iliunda shirika la serikali liitwalo Presidio Trust na kulikabidhi asilimia 80 ya eneo, sehemu ya ndani yenye majengo mengi. Ufuko ulibaki kwa Idara ya Hifadhi. Trust iliruhusiwa kupangisha majengo na kubaki na kodi yote, na ruzuku ya serikali ikapungua mwaka hadi mwaka hadi ikaisha. Hilo la kubaki na kodi ndilo lililoleta tofauti, kwa kuwa idara nyingi za serikali fedha zinazokusanya huzipeleka hazina kuu na hazizioni tena.

Kazi ilianza na nyumba. Zilikuwako nyumba zaidi ya elfu moja ambazo familia za askari zilikuwa zimezihama. Zikakarabatiwa na kupangishwa kwa bei ya soko, na leo wanaishi ndani ya hifadhi hiyo watu wapatao 3,000. Kisha likaja eneo la hospitali ya Letterman. Mwaka 2005 George Lucas, mtengenezaji wa filamu za Star Wars, alifungua hapo makao ya kampuni zake kwenye ekari 23, kwa kodi ya ardhi inayozidi dola milioni 5 kwa mwaka. Mbele ya jengo kuna chemchemi yenye sanamu ya Yoda, na watu wazima na watoto hupanga foleni wapigwe picha nayo. Hospitali ya zamani ya mabaharia, upande wa kusini, imekuwa nyumba za kupanga 154. Mabweni ya askari yaliyopangana kuzunguka uwanja wa gwaride yakawa ofisi, hoteli, mikahawa na makumbusho ya Walt Disney.

Hapa inabidi mtu aseme wazi anachokiona. Kama mwenye nyumba, Trust imefanya kazi nzuri. Majengo ya kihistoria ambayo serikali ingeyaacha yaanguke yamesimama, yamepakwa rangi, yana watu. Mwananchi anaingia bila kiingilio, anatembea njia za msituni, anakaa ufukweni kutwa. Lakini ukilazimika kutafuta fedha kila mwezi, utamtafuta mwenye nazo. Nyumba zilizojengwa kwa kodi ya umma kwa ajili ya familia za makoplo na masajini sasa hupangwa na watu wa kipato cha juu, katika mji ambao walimu na wauguzi wake hulala mbali na kazini. Katika miaka ya 1990 viongozi wa dini na watetezi wa watu wasio na makazi waliandamana wakitaka nyumba za jeshi zilizokuwa tupu wapewe wanaolala barabarani, na baadhi yao walikamatwa. Walishindwa. Kwa hesabu ya sharti la 2013 hawakuwa na namna ya kushinda, maana kila nyumba iliyotolewa kwa huruma ingekuwa shimo katika bajeti, na bajeti ikitoboka ardhi yote inauzwa. Sharti liliwafungia mlango kabla hoja yao haijasikilizwa, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika mpango mzima.

Haki inataka pia kusema kwamba Trust haikuinamia kila tajiri. Lucas aliporudi akitaka kujenga makumbusho makubwa karibu na ufuko wa Crissy Field, bodi ilimkatalia mwaka 2014, yeye na washindani wake wawili. Makumbusho ya Lucas yakaenda Los Angeles. Angalia mwaka huo: ni mwaka mmoja baada ya sharti kutimia. Sidhani ni bahati tu. Shirika lililokuwa limeondokewa na kisu shingoni lilipata sauti ya kukataa.

Kuhusu sumu ninataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo miji mingi inapoumia bila kujua. Jeshi huacha nyuma vitu visivyoonekana: mafuta yaliyovuja kutoka matangi ya chini, madini ya risasi kutoka rangi za kuta na viwanja vya shabaha, asbesto, dawa za kuulia wadudu, na majaa ambamo kila kitu kilitupwa na kufunikwa udongo. Nyasi zinaota juu yake vizuri tu. Mtoto akicheza hapo hakuna dalili yoyote. Presidio ilikuwa na majaa ya namna hiyo mengi, mengine kwenye mabonde ambamo zamani vijito vilipita.

Mwaka 1999 yakafikiwa makubaliano: jeshi litoe takriban dola milioni 100, na Trust ichukue kazi ya kusafisha mikononi mwake, ikiwa na bima ya kufidia gharama zitakazozidi. Wapo walioona jeshi limeachiwa kirahisi. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara. Jeshi likibaki na kazi ya kusafisha, husafisha kwa kasi ya taasisi ambayo imeshahama na ina vita vingine vya kulipia. Mkazi ndiye mwenye haraka. Fedha mkononi na ratiba mkononi vilifanya mabonde yafunguliwe moja baada ya jingine. Huko Crissy Field, uliokuwa uwanja wa ndege wa jeshi tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lami na udongo wenye sumu vilikuwa vimekwisha kuondolewa, na mwaka 2001 ufuko ukafunguliwa ukiwa na kinamasi cha ekari zipatazo 20 kinachopokea maji ya bahari yakijaa na kuyarudisha yakikupwa. Watu wa kujitolea walishiriki kupanda mimea ya asili 100,000. Kazi hiyo iligharimu dola milioni 34, sehemu kubwa ikitoka kwa wafadhili.

Ziwa dogo la Mountain Lake, ambapo msafara wa Juan Bautista de Anza ulipiga kambi mwaka 1776, lilikuwa limejaa tope lenye madini ya risasi yaliyotiririka kutoka barabara kuu inayopita kando yake. Mwaka 2013 tope lilichotwa, na baadaye vyura na kobe wa majini wakarudishwa. Kuna pia kisa cha kichaka kimoja. Wataalamu waliamini kwamba aina fulani ya manzanita ilikuwa imetoweka porini tangu miaka ya 1940, makaburi ya mji yalipobomolewa ikaangamia nayo. Mwaka 2009, wakati barabara ya juu iendayo darajani ikijengwa upya, miti iliyokatwa kando ya njia ilifunua kichaka kimoja kikiwa hai katikati ya mchepuko wa magari. Januari 2010 kiling'olewa na mzizi wake na udongo wake, kikabebwa kwa lori na kupandwa mahali pa siri ndani ya Presidio. Uzio wa jeshi, uliowekwa kwa ajili ya vita, ulikuwa umekihifadhi bila mtu kukusudia.

Kumbukumbu ni ngumu kusafisha kuliko udongo. Mwaka 1942, kutoka ofisi zilizoko Presidio, Jenerali John DeWitt alitoa amri moja baada ya nyingine za kuwaondoa watu wa asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi. Takriban watu 120,000 walifungiwa kambini, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Na hapohapo, katika ghala la ndege namba 640 karibu na maji, tangu Novemba 1941 vijana wa asili hiyohiyo walikuwa wakisoma Kijapani kwa siri ili wakalitumikie jeshi la Marekani kama wakalimani. Baadhi walikwenda vitani huku wazazi wao wakiwa nyuma ya seng'enge. Ghala hilo sasa ni kituo cha kumbukumbu. Amri ziliandikwa na shule ikaendeshwa ndani ya uzio mmoja, kwa mwendo wa dakika chache kwa mguu.

Yapo mengine yanayohitaji kusemwa kwa sauti kubwa zaidi ya kibao cha njiani. Baada ya tetemeko la 1906 maelfu ya watu waliopoteza makazi walipewa mahema kambini, lakini Wachina wa mji huo walihamishwa kutoka mahali hadi mahali kabla ya kupewa pa kukaa. Mwaka 1968 wafungwa 27 wa gereza la kambi, askari vijana, waliketi chini wakakataa kufanya kazi baada ya mwenzao kupigwa risasi na mlinzi. Wakashtakiwa kwa uasi. Nyuma ya hospitali ya mabaharia kuna mamia ya makaburi ya watu wa melini waliofia hapo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na kwa miaka mingi juu yao kulimwagwa kifusi na magari yakaegeshwa. Leo eneo hilo limetambuliwa. Nafikiri hapo Presidio imefanya vizuri kuliko bustani nyingi za aina yake, ingawa Waohlone wenyewe wamebaki zaidi katika maelezo ya maonyesho kuliko katika maamuzi.

Tukitazama miji mingine, uzito wa lile swali la nani analipa unaonekana wazi zaidi.

Kusini mwa California, huko Irvine, kambi ya ndege ya El Toro ilifungwa 1999. Wapigakura walikataa uwanja wa ndege wa kiraia na kuchagua bustani kubwa. Hapakuwa na kifungu kama cha Burton. Mwaka 2005 serikali kuu ilipiga mnada, kampuni ya ujenzi wa nyumba ikanunua kwa takriban dola milioni 650, na mji ukapewa sehemu ya ardhi ya bustani na ahadi ya fedha kutoka kwa wajenzi. Kisha soko la nyumba likaporomoka. Kwa miaka mingi kilichoonekana zaidi katika hiyo bustani kuu kilikuwa puto kubwa la rangi ya chungwa la kupandisha wageni angani, nyumba zikiota pembeni na nyasi zikichelewa. Huko bustani ilifungwa kamba kwenye faida ya mauzo ya nyumba, na faida ilipolala nayo ikalala.

Berlin walikwenda njia nyingine. Uwanja wa Tempelhof ulikuwa wa gwaride la jeshi la Prussia, ukawa uwanja wa ndege, Wanazi wakajenga jengo lake kubwa na kuweka pembeni kambi ya mateso ya Columbia-Haus, na baada ya vita jeshi la anga la Marekani likakaa humo hadi miaka ya 1990. Ndipo ndege zilipotua mfululizo mwaka 1948 na 1949 zikileta chakula na makaa kwa mji uliozingirwa. Uwanja ulifungwa 2008, na Mei 2010 malango yakafunguliwa: hekta zipatazo 300, njia za kurukia ndege zikiwa palepale, watu juu yake na baiskeli na tiara. Serikali ya jimbo ilipotaka kujenga nyumba pembezoni, wananchi walilazimisha kura ya maoni. Tarehe 25 Mei 2014 asilimia 64.3 ya waliopiga kura walikataa jengo lolote. Gharama inabebwa na umma wa Berlin, na kwa sababu hiyo hakuna mpangaji wa kubembelezwa. Lakini wanasiasa wamerudi tena na tena na hoja ya uhaba wa nyumba, nayo ni hoja ya kweli. Sheria iliyoletwa na kura inaweza kubadilishwa na bunge la jimbo, na wapenzi wa uwanja huo wanalijua hilo.

Barcelona ni mfano mkongwe, na wenye uchungu zaidi. Mji ulipoangukia mikononi mwa majeshi ya Mfalme Philip V mwezi Septemba 1714, aliamuru ngome ijengwe kuulinda utawala wake dhidi ya wenyeji wenyewe. Sehemu kubwa ya mtaa wa La Ribera ilibomolewa kupisha mizinga. Mwaka 1869 Jenerali Prim aliurudishia mji ardhi hiyo, Josep Fontserè akachora bustani, na maonyesho ya kimataifa ya 1888 yakafanyika humo. Ghala la silaha lililobaki ndilo bunge la Catalonia la leo. Huko hakuna aliyeuliza bustani itajilipiaje. Ilikuwa fidia, na anayelipwa fidia haombwi risiti.

Seoul bado wako njiani. Yongsan, katikati ya mji, ilikuwa kambi ya Wajapani tangu mwanzo wa karne ya 20 na ya Wamarekani tangu 1945. Sheria ya kuifanya bustani ya taifa ilipitishwa 2007, makao makuu ya Wamarekani yalihamia Pyeongtaek 2018, na sehemu ndogo zilianza kufunguliwa kwa majaribio 2022. Ugomvi mkubwa umekuwa mafuta na kemikali zilizomo udongoni: nani alizimwaga, nani atalipa, na kama ilikuwa halali kuwaalika watoto kabla ya kusafisha. Korea imejaribu kupokea ardhi kwanza na kudai baadaye. San Francisco walichukua fedha za kusafisha mapema, na wamelala vizuri zaidi.

Kwenye pwani yetu tuna ngome zilizobadili kazi, kwa kiwango kidogo: Fort Jesus ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikawa gereza la Waingereza hadi 1958 kisha makumbusho, na Ngome Kongwe ya Unguja ambako tamasha la Sauti za Busara huwakusanya watu usiku. Hayo ni majengo, na jengo lina kuta za kulitetea. Ardhi ya wazi haina. Mwaka 1989 Uhuru Park ya Nairobi ilikuwa tayari ni bustani ya umma, yenye jina la uhuru wenyewe, na bado ilipangwa kusimamishwa humo jengo la ghorofa 60. Ilimlazimu Wangari Maathai na wenzake kutukanwa hadharani na kuandika barua kila upande, hadi wafadhili wa nje wakarudi nyuma. Kilichokosekana Nairobi ni kile Burton alichokiandika 1972: maneno ya sheria yanayomfunga hata mkubwa.

Presidio yenyewe haijamaliza. Barabara ya juu iliyoigawa tangu miaka ya 1930 imeshushwa ndani ya mahandaki, na Julai 2022 ekari 14 za bustani zilifunguliwa juu ya paa la mahandaki hayo, kazi ya dola milioni 118 ambazo milioni 98 kati yake zilichangwa na watu binafsi na taasisi. Kuna uwanja mkubwa wa watoto, na mabasi ya bure hukuleta. Mwaka huohuo Bunge likatenga dola milioni 200 kwa ajili ya Presidio, kwa miundombinu iliyochakaa. Bunge lililosema 1996 kwamba Presidio isirudi kuomba ndilo lililotoa fedha hizo. Kodi ya pango inatosha kukata nyasi, kulipa mishahara na kukarabati mapaa, lakini haijawahi kutosha kubadilisha mji mzima wa mabomba na nyaya ulioachwa na jeshi.

Hata hivyo kuna jambo moja linaloipa hoja ya kujilipia nguvu ambayo siwezi kuipuuza. Februari 2025 Rais Donald Trump alitoa agizo la kupunguza mashirika kadhaa hadi kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na sheria. Presidio Trust lilitajwa humo kwa jina, pamoja na taasisi ya Marekani ya maendeleo ya Afrika iliyokuwa ikifadhili vikundi vidogo vya wakulima na wajasiriamali barani kwetu. Taasisi hiyo, iliyotegemea fedha za Bunge mwaka hadi mwaka, ilitikiswa mpaka mizizini na mambo yake yakaishia mahakamani. Presidio ilikuwa na kodi yake, na kazi zake nyingi zimeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Mwenye kipato chake hufukuzwa kwa shida.

Kwa hiyo ninayoyataka kwa Presidio sasa hayahusu fedha. Bodi ya Trust ina wajumbe saba. Mmoja anatoka wizara inayosimamia ardhi ya taifa, na sita huteuliwa na Rais. Sheria inataka angalau watatu wa hao sita wawe wakazi wa eneo la ghuba na angalau mmoja awe amewahi kuwa askari, na inawataka wawe wajuzi wa mipango miji, fedha, biashara ya majengo au uhifadhi. Mwalimu wa historia hana kiti. Mpangaji hana, wala Muohlone, wala yeyote aliyechaguliwa na watu wa San Francisco. Bodi ya namna hiyo ilifaa kwa shirika lililokuwa likikimbizana na mwaka 2013. Tarehe hiyo imepita zamani, na sheria ya 1996 inaweza kurekebishwa kwa aya mbili tu.